Vifuko Thelathini na Saba vya Makaburini

Khemisi Bularas hakuwahi kumwamini mtu aliyemwambia "usiwe na wasiwasi." Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpima mbegu katika ghala la ushirika wa nafaka mjini Guelma, chumba cha nyuma, dirisha moja. Mkulima analeta gunia na kuapa kwa kaburi la babaye kwamba ngano ni ya msimu huu. Khemisi haapi. Anahesabu punje mia, anazipanga juu ya karatasi iliyoloweshwa, anafunga mlango kwa ufunguo, na siku ya saba anajua mkulima ni mwongo kwa kiasi gani. Wengi walikuwa waongo kwa punje thelathini katika mia. Waliofika hamsini ndio walioapa kwa sauti kubwa zaidi. Kazi hiyo ilimwachia pensheni ndogo na maoni makubwa juu ya binadamu.

Alipostaafu alirudi na mkewe, Warda, kijijini kwao Ain Tarfa, na huko akakuta kwamba maoni yake yana jamaa wengi. Ain Tarfa ni mahali ambapo mtu akikujulia hali, unajiuliza kwanza amesikia nini. Mgeni akisifu zeituni zako, akiondoka unakwenda kuzihesabu. Mzee wa miaka tisini na tatu akifa usingizini, watu hutoa pole, wakishatoa huulizana ni nani aliyemtembelea mwisho. Khemisi alijiona amefika nyumbani.

Ua alilikuta majira ya kuchipua ya mwaka wa kwanza, upande wa zamani wa makaburi, kule ambako kaburi ni tuta la udongo na mawe ya kandokando, si vigae kama wanavyojengewa marehemu wa siku hizi. Lilikuwa na urefu wa shubiri moja, zambarau, koo lake rangi ya chungwa, na midomo yake miwili imebanana hivi kwamba nyuki mdogo hubisha hodi akarudi zake. Ni nyuki mnene tu anayeingia, tena kwa mabavu. Bibi zao waliliita kifumba, kwa kuwa limejifumba kama mkono wa mtoto aliyeshika peremende. Siku hizi wengi hawakuliita chochote. Watu wa Ain Tarfa wana makundi matatu ya mimea: inayoliwa na watu, inayoliwa na kondoo, na majani. Kifumba kilikuwa majani.

Khemisi alikausha mmea mmoja ndani ya kitabu, akautuma kwa posta ya rejesta kwa taasisi ya mimea ya mji mkuu, ili posta wasiseme umepotea. Miezi minane baadaye likaja jibu la ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, lenye muhuri. Mmea huo, lilisema, ni wa mwaka mmoja. Ulidhaniwa umekwisha duniani. Haujulikani kuota mahali pengine popote. Taasisi itamtuma mtu bajeti itakaporuhusu. Na kwa sasa Bwana Bularas anaombwa asimwonyeshe mtu yeyote mahali unapoota.

Aliisoma barua hiyo mara tatu. Katika umri wake wote, hii ndiyo mara ya kwanza serikali ilimwagiza afanye jambo ambalo tayari alikuwa akilifanya.

Basi hakumwambia mtu. Hata Warda hakumwambia. Miaka sita akawa mlinzi wa ua ambalo hakuna aliyejua kwamba linalindwa, na aliyajua mambo yake kama alivyokuwa akizijua ngano. Alijua kwamba mashambani limemalizwa na trekta, malishoni limemalizwa na mbuzi, na makaburini limesalia kwa sababu mbuzi wamezuiwa na ukuta na trekta zina haya. Alijua kwamba mmea wa mwaka mmoja hauna akiba chini ya ardhi kama kitunguu: ukifika Juni umekufa, na kila ulicho nacho ni mbegu zilizoanguka. Alizijaribu pia mbegu zenyewe, kwa karatasi yake mbichi. Za mwaka uleule, zikisubiri vuli, ziliota tisini katika mia. Za mwaka uliotangulia, tatu. Maana yake ni kwamba kifumba kikikosa kuangusha mbegu mwaka mmoja tu, hadithi imekwisha, na hakuna wa kumpelekea malalamiko.

Adui, hata hivyo, hakuwa mbuzi. Adui alikuwa mwezi.

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Ramadhani, kijiji husafisha makaburi, ili asubuhi ya Idi watu wawazuru wafu wao pasipo miiba kwenye kanzu. Khemisi alipokuja, Idi ilikuwa mwishoni mwa Juni. Vifumba vilikuwa vimeshakauka na kumwaga mbegu. Wasafishaji waliondoa mabua tu na kuacha udongo wazi, na udongo wazi ndio kifumba kinaoutaka. Usafi na ua vilikuwa marafiki. Lakini maua hufuata jua na Idi hufuata mwezi, na mwezi hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka bila kumuuliza mtu. Juni katikati. Juni mapema. Mei mwishoni. Mei katikati. Khemisi alichora mstari wa Idi kwenye karatasi ya miraba, akaona mahali utakapokatana na mstari wa mbegu, akaikunja karatasi na kuificha ndani ya kiatu cha majira ya baridi.

Mwaka wa sita mistari ilikatana. Idi ilikuwa tarehe mbili Mei. Usafi ungefanyika Aprili thelathini, na Aprili thelathini vikasha vya mbegu ndio kwanza vinaanza kukauka.

Alijaribu njia ya amani. Alikwenda kwa Azzuz kinyozi, mkuu wa kikundi cha usafi, mtu wa miaka hamsini mwenye mashine mbili za kukatia majani na ukurasa wa mtandaoni wenye wafuasi elfu nne, ilhali kijiji kina watu elfu moja na mia mbili. Kwa miaka miwili sasa Azzuz hakusafisha majani peke yake. Alisafisha pia sihiri. Ilijulikana, naye aliithibitisha kwa picha, kwamba watu wabaya huzika hirizi makaburini: kufuli, picha za maharusi, vitambaa vilivyofundikwa. Kila alichokipata alikipeleka msikitini kikasomewa na kuzamishwa katika maji ya chumvi, na wafuasi wakaongezeka.

"Azzuz," alisema Khemisi, taulo shingoni, povu shavuni, "kwa nini usafi usifanyike baada ya Idi? Wiki tatu hivi."

Wembe ulisimama hewani. "Kwa nini, Ami Khemisi?"

"Hivi hivi tu."

Katika historia ya Ain Tarfa hakuna mtu aliyewahi kusema jambo hivi hivi tu. Azzuz alimaliza shavu la pili polepole sana. "Nitalifikiria," alisema, na kweli alilifikiria, ila si kwa namna aliyoitaka Khemisi.

Ikabaki njia ya vifuko. Khemisi alichagua mimea thelathini na saba iliyotangulia kukomaa kati ya mia mbili na kitu, na kila alasiri ya kumi la mwisho la Ramadhani, saa ambayo kijiji chote kimelala kikisubiri magharibi kwa midomo mikavu, alipiga magoti makaburini na kuvisha vikasha vya mbegu vifuko vya kitambaa chembamba, kinachopitisha mwanga na hewa lakini hakipitishi mbegu. Vikipasuka, mbegu zibaki ndani. Alivifunga kwa uzi mwekundu, vionekane kwenye majani. Na kwa kuwa alikuwa mpima mbegu, kila kifuko alikiandika kwa wino usiofutika: namba ya mmea, na jina la marehemu aliye jirani, jina lake na la mama yake kama lilivyo kwenye jiwe, ili asije akachanganya.

Mpango wake ulikuwa kuviondoa Ijumaa jioni, kabla mashine hazijaja. Hakuona kasoro yoyote ndani yake. Mtu anayewashuku wote mara nyingi husahau kujitazama kwa macho ya wengine.

Warda, kwa upande wake, alikuwa ameshaanza kumtazama.

"Umetoka wapi, ewe mwanamume?"

"Makaburini."

"Na jana?"

"Makaburini."

"Makaburini kuna nani?"

"Wafu, Warda. Makaburini kuna nani mwingine?"

"Wafu wa siku hizi wakarimu. Wanakurudisha na tope la magotini." Alikoroga supu ya ngano mbichi bila kumtazama. "Khadra wa marehemu Ferhat anakaa upande uleule. Mjane. Anapika vizuri, wanasema."

"Nani anasema?"

"Kwa nini unataka kujua?"

Wakangoja adhana, kila mmoja akiwa na hakika juu ya mwenzake.

Azzuz hakungoja Jumamosi. Yule aliyesema wiki tatu baada ya Idi alimkosesha usingizi, na Ijumaa, mara baada ya swala ya siku hiyo, aliwachukua watu wanane na mashine mbili akaingia makaburini bila kutangaza. Khemisi alikuwa amejilaza, uso umefunikwa gazeti. Alipoamka, Warda alikuwa amesimama juu yake na simu mkononi.

"Tazama."

Kwenye kioo cha simu, Azzuz alikuwa akihema. "Ndugu zangu, thelathini na saba! Thelathini na saba! Uzi mwekundu! Majina ya mama zetu! Namba! Tunavipeleka msikitini sasa hivi, na aliyefanya haya Mungu atamfichua." Nyuma yake, upande wa zamani wa makaburi ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha askari mpya. Hapakuwa na zambarau popote.

Khemisi aliketi. Mimea mia mbili na kitu, yote imekatwa mibichi. Kilichobaki duniani kilikuwa ndani ya vifuko vile, na vifuko vilikuwa njiani kuelekea ndoo ya maji ya chumvi. Mbegu ikinywa chumvi haioti. Hilo angelieleza hata akiwa amelala.

"Hili," alisema Warda, akigusa kioo kwa ukucha, "ni pazia langu. La chumba cha wageni. Nimelitafuta tangu Shabani, nikamshuku dada yako." Sauti yake ilikuwa shwari, jambo baya. "Wiki nzima nilikuwa namwomba Mungu isiwe mke wa pili. Sasa namwomba iwe mke wa pili."

Khemisi akampa barua. Hapakuwa na la kufanya zaidi. Warda aliisoma amesimama, akaigeuza kutazama nyuma, akaisoma tena.

"Miaka sita. Kwa ajili ya majani."

"Waliniambia nisimwambie mtu."

"Mimi ni mtu?"

Khemisi alitafuta viatu vyake.

"Nikienda kusema," alisema, "watajua mahali. Watakuja wakusanyaji. Barua inasema…"

"Mahali wameshapanyoa, Khemisi! Unawaficha nini?" Alikuwa ameshajitanda hijabu, na kwapani amebana lile pazia lililobaki, alilolivuta kutoka nyuma ya viatu vya Khemisi, lenye tundu kubwa pembeni. "Tembea."

Uwanja wa msikiti ulikuwa umejaa. Wanaume katikati, wanawake langoni, na mbele ya wote imamu, Si Tayeb ("Si" kwao ni "Bwana"), mtu mpole aliyebakiza miezi mitano kustaafu na asiyetaka muujiza wowote utokee ndani ya miezi hiyo. Miguuni pake siniya ya shaba yenye vifuko, na kando ndoo. Azzuz alikuwa akimimina chumvi, simu ikiwa imeegeshwa juu ya kopo ili nchi nzima ione.

Ushahidi dhidi ya mchawi asiyejulikana ulikuwa unaendelea kutolewa. Mmoja alisema ng'ombe wake amekauka maziwa. Mwingine alisema posa ya binti yake imevunjika wiki hiyohiyo.

"Posa ile ilivunjwa na baba wa kijana kwa sababu ya bei ya dhahabu," alisema Si Tayeb. "Nilikuwepo."

"Na bei ya dhahabu aliipandisha nani, Si Tayeb?"

"Mimi mashine yangu ya kunyolea iliungua tarehe ishirini na mbili," alisema Azzuz, akachukua kifuko cha kwanza kwa koleo la mkaa. "Namba nne. Bismillahi." Akakitumbukiza.

"Ni vyangu!" Khemisi alipiga kelele.

Uwanja wote uligeuka. Azzuz aligeuza simu kwanza, yeye mwenyewe baadaye.

"Ni vyangu," alirudia Khemisi, kwa sauti ya mtu anayekiri kwa polisi. Alifika kwenye ndoo, akainama, akaiziba kwa mkono wake. "Ni mbegu. Mbegu za ua. Lile la zambarau."

"Wiki tatu baada ya Idi," alisema Azzuz taratibu. "Hivi hivi tu."

"Ami Khemisi, hata wewe!" mtu alisema nyuma. "Tulijua u bahili tu!"

Khemisi alijaribu kueleza. Hakuwa msemaji, maisha yake yote alizungumza na watu aliokwisha kuwahukumu. Alieleza jua na mwezi, na watu wakatazamana, kwa kuwa jua na mwezi ni mambo ya wanajimu. Alieleza kwamba vikasha hupasuka. Alitoa barua.

"Kifaransa," alisema Azzuz, akiionyesha simu. "Ina muhuri."

"Inasema nini?" aliuliza imamu.

Khemisi alitafsiri. Alipofika kwenye "asimwonyeshe mtu yeyote mahali unapoota," pakapita mnong'ono mzito, na hata yeye alisikia jinsi maneno yale yalivyonuka.

Hapo ndipo Hajja Aljia alipopita katikati ya wanaume bila kuomba njia. Alikuwa na miaka sabini na minne, amezika waume wawili, na hakuna aliyekumbuka siku aliyoshindwa hoja. Akachukua kifuko kwenye siniya kwa vidole vyake mwenyewe, bila koleo, akakisoma.

"Zohra binti Mas'uda. Kumi na saba. Huyu ni mama yangu."

"Ndiyo, Hajja."

"Kwa nini mama yangu ni wa kumi na saba?"

"Kwa sababu… kutoka ukutani. Ukihesabu kutoka ukutani."

"Mama yangu hakuwa wa kumi na saba katika jambo lolote."

"Wallahi, Hajja, ni namba ya mmea, si ya—"

"Na kitambaa hiki?"

"Cha kwangu!" alisema Warda kutoka langoni. Alilikunjua pazia juu ya vichwa vya watu, tundu likionekana wazi. "Leteni kimoja mkilinganishe. Pazia la chumba cha wageni, nililinunua mjini Constantine, mita nne. Huyu mwizi, mimi nashuhudia. Mchawi gani anaiba pazia la mkewe? Mchawi ana vitambaa vyake!"

Hoja hiyo iliwagusa wanawake, ambao kila mmoja alikuwa na kitu kilichopotea nyumbani. Kwa mara ya kwanza palikuwa na vicheko. Azzuz aliona upepo unageuka.

"Kama ni mbegu, na aoteshe," alisema. "Hapa. Kesho tuone."

"Haziwezi kuota kesho," alisema Khemisi. "Zinalala kiangazi chote. Mpaka mvua ya kwanza, Oktoba."

"Kila mganga ana tarehe yake, Ami Khemisi."

Hakuwa na ushahidi. Mtu aliyeishi kwa kudai ushahidi alikuwa amesimama na mkono juu ya ndoo, hana hata punje moja ya kuonyesha ila neno lake, nalo neno lake hakuna aliyekuwa na sababu ya kuliamini, kwa kuwa yeye hakuwahi kuliamini la yeyote. Jambo hilo lilimjia kwa uwazi kamili, na hakulipenda.

"Someni," alisema mwishowe, akimgeukia imamu. "Someni chochote mnachotaka, Si Tayeb, mchana kutwa. Lakini pakavu. Msitie maji. Mkizitia maji zimekwisha, na hakuna nyingine. Nawaomba." Watu waliomfahamu tangu utotoni walisema baadaye kwamba neno hilo la mwisho ndilo lililowatisha.

Si Tayeb alilitazama jua, akaitazama simu ya Azzuz, akatazama miezi yake mitano. "Hirizi huharibiwa," alisema. "Mbegu si haramu. Sijui hizi ni zipi. Basi kila kifuko kifunguliwe na jamaa wa jina lililoandikwa, mbele ya watu. Nitasoma, pakavu. Wakikuta kitu kingine, ndoo hii hapa. Wakikuta mbegu, ni juu yao wenyewe."

Hajja Aljia alifungua wa kwanza. Alikata uzi kwa meno, akamimina kiganjani punje nyeusi ndogo kuliko ufuta, akazinusa, akaweka moja ulimini, akakumbuka saumu, akaitema kwa hasira na kumtazama Khemisi kama kwamba hilo nalo ni kosa lake.

"Mbegu," alisema.

Khemisi alinyoosha mkono kuzipokea.

"Wewe!" Hajja alifumba ngumi. "Kilicho na jina la mama yangu hakilali nyumbani kwako. Leo mbegu, kesho sijui."

"Lakini hujui kuzitunza!"

"Nimetunza waume wawili."

"Wamekufa, Hajja!"

"Kwa wakati wao," alisema Hajja Aljia, akazirudisha kwenye kifuko na kukitia kifuani.

Wengine wakamfuata. Mmoja mmoja walifungua, wakakuta mbegu, wakaonekana kama wamedhulumiwa kidogo, kisha wakavitia mifukoni. Hakuna aliyemrudishia Khemisi hata kimoja. Azzuz mwenyewe alijikuta ameshika namba ishirini na mbili, shangazi yake, na mbele ya wafuasi elfu nne akashindwa kumtumbukiza. Vifuko sita visivyo na jamaa viliwekwa katika kabati la msikiti, na ufunguo akakaa nao mtu ambaye Khemisi alikuwa na mashaka naye tangu darasa la tatu.

"Msiweke karibu na jiko!" alikuwa akipaza sauti, akizunguka kati yao. "Pakavu! Kivulini! Mvua ya kwanza ya Oktoba mzimwage palepale, juu juu, msizifukie! Juu juu!"

"Usiwe na wasiwasi," watu walimwambia.

Kiangazi kile Khemisi alikonda. Mbegu zote za kifumba zilizokuwepo duniani zilikuwa zimetawanyika katika nyumba thelathini hivi, na hakuna hata moja ambayo angeiachia gunia la ngano. Alizitembelea zote kwa visingizio. Aligundua kwamba namba tisa imeliwa na kuku. Namba thelathini imepelekwa Marseille ndani ya sanduku la mjukuu, kama kumbukumbu. Namba mbili imepelekwa kwa msomaji mwingine wa kuondoa sihiri, wa mbali, ambaye alidai ada kubwa akaizamisha. Azzuz aliitundika yake kwenye kioo cha kinyozi, juani. Khemisi alikwenda kunyolewa kila wiki ili aisogeze kivulini, na kila wiki Azzuz aliirudisha, kwa kuwa hakujua ni kwa nini inasogezwa.

"Hajja, ile bado ipo?" aliuliza mlangoni kwa Aljia.

"Ipo nini?"

"Namba kumi— ya mama yako."

"Haipo ilipokuwa wiki jana," alisema Hajja. "Naihamisha. Nimeona unavyotupa macho."

Mvua ilikuja Oktoba tarehe tisa, alfajiri. Khemisi alisimama nyuma ya ukuta wa makaburi, mwavuli mkononi, akawaona wakija mmoja mmoja, kila mtu amejifanya amekuja kumsomea Fatiha marehemu, kila mtu akitazama nyuma kwanza. Aliwahesabu ishirini na mmoja. Baadhi walimwaga juu juu. Wengine walifukia, akauma ulimi. Wengine walinyunyiza, wakasimama, wakamwona, wakakaza mwendo kwenda zao.

Mwaka uliofuata Idi iliangukia Aprili ishirini na moja, na usafi ukaangukia Jumamosi ya tarehe kumi na tano, vifumba vikiwa ndio kwanza vimechanua, bila kikasha kimoja cha mbegu. Khemisi hakuwa na kifuko cha kumsaidia. Ua bichi halifungwi. Alifika mapema makaburini akiwa hana mpango wowote, jambo ambalo halijapata kumtokea.

Alikuta wamemtangulia. Kwenye upande wa zamani, kando ya kila tuta lenye zambarau, palikuwa na mtu ameketi: juu ya kiti cha plastiki, juu ya ndoo iliyopinduliwa, juu ya jiwe. Hawakuwa wanalinda ua. Walikuwa wanachungana wao kwa wao. Ilikuwa imeshavuma kwamba marehemu fulani ana maua mengi kuliko mwingine, na kwamba hilo haliwezi kuwa bure. Kuna aliyeiba kwa jirani. Kuna aliyehamisha. Mke wa mwenye ufunguo wa kabati la msikiti alikuwa na maua kwenye kaburi ambalo halikuwahi kuwa na namba.

Azzuz alifika na mashine zake, akaiwasha moja, akaona macho yote yale, akaizima. Alitembea mpaka kwa shangazi yake, ambako zile mbegu za juani zilikuwa zimetoa vifumba vinne tu, akasimama mbele yavyo na mikono kiunoni.

"Upande wa vigae," aliwaambia watu wake. "Huku tutapita kwa mkono. Na mtu asimguse shangazi yangu."

Khemisi alitaka kuingia kati ya makaburi. Hajja Aljia aliinua fimbo yake.

"Hapo hapo. Njiani."

"Nataka tu kuhesabu wafu wenye maua, Hajja."

"Hesabu ukiwa njiani. Macho yako yana miguu?"

Alihesabu akiwa njiani, amejikunja, kidole kikitembea hewani kama zamani juu ya karatasi mbichi. Alirudia. Mwaka mzima hakuwa amelala vizuri kwa ajili ya namba hii.

"Kumi na nane," alisema.

"Kumi na tisa," alisema Hajja.

"Nimehesabu mara mbili."

"Wa kumi na tisa yuko nyuma ya jiwe."

Khemisi alisogea kushoto, akainama, akasogea kulia. "Simwoni."

"Na hutamwona," alisema Hajja Aljia, akakiburuta kiti chake mpaka mbele ya jiwe, akakaa.